Somo la Toleo Hili: Je, Mitambo ya Kutafuta Iadhibu Kurasa Zenye Viungo Vilivyokatika?



Siku hizi shughuli nyingi kati ya mwananchi na serikali hupitia kwenye simu: fomu ya basari, tangazo la zabuni, ada za leseni ya biashara, ratiba ya vikao vya kukusanya maoni ya umma. Wengi wetu hatuanzi kwa kuandika anwani kamili ya tovuti. Tunafungua Google, tunaandika maneno mawili matatu, kisha tunabonyeza jibu la kwanza. Jibu hilo likitufikisha kwenye ukurasa unaosema "bonyeza hapa upate fomu", nasi tukibonyeza tukapata tangazo kwamba ukurasa haupo, safari imeishia hapo. Bando limeliwa, muda umepita, na pengine siku ya mwisho ya kurudisha fomu ni kesho.

Ndiyo maana watu wengi huuliza: kwa nini mtambo wa kutafuta umenileta hapa? Je, haufai kuziadhibu kurasa za namna hii kwa kuzisukuma chini, ili zile zilizotunzwa vizuri ndizo zionekane kwanza?

Swali hili lina uzito, na jibu lake si rahisi kama linavyoonekana. Ukimaliza somo hili utaweza kueleza kwa nini viungo hukatika, utaweza kupima hoja za pande zote mbili, na utajua hatua za kuchukua ukikosa hati ya umma uliyoahidiwa mtandaoni.

MANENO YA KUFAHAMU KWANZA

Kiungo ni maneno au picha katika ukurasa ambayo ukiyabonyeza yanakupeleka ukurasa mwingine. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyebuni Wavuti mwaka 1989 akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN mjini Geneva, aliujenga mfumo mzima juu ya viungo. Bila viungo, kila ukurasa ungebaki peke yake kama nyumba isiyo na njia.

Mtambo wa kutafuta ni huduma kama Google au Bing. Programu zake huzunguka mtandaoni mchana na usiku, zikifuata viungo kutoka ukurasa hadi ukurasa, na kuweka kumbukumbu ya zinachokiona. Ukiuliza swali, mtambo hautafuti mtandaoni papo hapo. Unapekua kumbukumbu zake na kupanga majibu kwa utaratibu.

Seva ni kompyuta inayohifadhi tovuti na kujibu kila anayeigonga. Inapojibu, hutanguliza nambari ya tarakimu tatu. Nambari hizi chache zinafaa kukumbukwa:

200 maana yake ukurasa upo, huu hapa.
301 maana yake ukurasa umehama moja kwa moja, nenda anwani hii mpya.
404 maana yake ulichoomba hakipatikani hapa.
410 maana yake kilikuwepo, kimeondolewa, usikisubiri.
503 maana yake huduma haipatikani kwa sasa, jaribu baadaye.

Kiungo kilichokatika ni kile kisichofikisha mahali kilipoahidi. Tutofautishe mambo mawili. Ukurasa uliokufa ni ule ambao wenyewe haupo tena. Ukurasa wenye kiungo kilichokatika uko hai na unasomeka, ila mojawapo ya njia zake haifiki popote. Swali letu la leo linahusu huo wa pili.

KWA NINI VIUNGO HUKATIKA?

Sababu ni nyingi, na si zote ni uzembe.

Kwanza, tovuti hufumuliwa na kujengwa upya. Ofisi hubadilisha mkandarasi au mfumo, na anwani zote za zamani hubadilika. Kama hakuna aliyeweka maelekezo ya 301, kila kiungo kilichoelekea anwani za zamani hukatika siku hiyo hiyo.

Pili, faili hubadilishwa jina. Hati iliyoitwa "bajeti-rasimu" inapopitishwa na kupewa jina jingine, anwani ya kwanza hufa.

Tatu, jina la tovuti huisha muda. Majina ya tovuti hayanunuliwi milele. Hulipiwa kwa vipindi. Hapa Kenya, majina yanayoishia kwa .ke husimamiwa na KENIC, na yale ya .go.ke yametengewa taasisi za serikali. Asiyelipia upya hupoteza jina lake, na mtu mwingine anaweza kulichukua.

Nne, kampuni hufunga huduma. GeoCities, iliyobeba mamilioni ya kurasa za watu binafsi, ilifungwa na Yahoo mwaka 2009 kwa watumiaji wengi duniani. Kila kiungo kilichoelekea huko kilikatika bila kosa la aliyekiweka.

Tano, kuna hitilafu za muda. Mwishoni mwa Julai 2023 jukwaa la eCitizen lilishambuliwa mtandaoni na huduma zikayumba. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilizo chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikawa ya kusuasua Kenya, Tanzania na kwingineko katika ukanda huu. Katika siku kama hizo kiungo kizuri kabisa huonekana kama kimekufa.

TATIZO NI KUBWA KIASI GANI?

Mwaka 2024 taasisi ya Pew Research Center ya Marekani ilichapisha utafiti kuhusu kurasa zinazotoweka. Iligundua kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena ilipofika Oktoba 2023. Asilimia 54 ya kurasa za Wikipedia zilizochunguzwa zilikuwa na angalau kiungo kimoja kilichokatika katika marejeo yake. Kwa kurasa za habari ilikuwa asilimia 23, na kwa kurasa za serikali za huko Marekani asilimia 21. Miongoni mwa za serikali, kurasa za serikali za miji, yaani zile zilizo karibu zaidi na mwananchi, ndizo zilizoathirika zaidi.

Hata mahakama hazikusalimika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichunguza viungo vilivyotajwa katika hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani. Takriban nusu havikufikisha tena kwenye habari ambayo majaji waliitaja. Hukumu ilibaki, lakini sehemu ya ushahidi wake haikuweza kusomwa tena.

Takwimu hizi ni za nchi nyingine, lakini chanzo cha tatizo ni kile kile kila mahali: hati huchapishwa kwa shangwe, kisha hakuna anayepewa kazi ya kuilinda.

HOJA ZA WANAOTAKA ADHABU

Wanaounga mkono adhabu wana hoja nne nzito.

1. Kiungo ni ahadi. Aliyeandika "pakua fomu hapa" ameahidi kitu. Asipotimiza, anayeumia ni msomaji, hasa yule anayenunua bando la siku moja au anayelipia kila dakika kwenye saiba.

2. Viungo vilivyokatika ni dalili ya ukurasa uliosahauliwa. Ikiwa nusu ya njia zake hazifiki, yamkini na maelezo yake ni ya zamani: ada zimebadilika, afisa amehamishwa, sheria imefanyiwa marekebisho.

3. Wenye tovuti hujali wanapoonekana katika matokeo ya Google. Kuonywa kwa barua kunaweza kupuuzwa, lakini kushuka kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa tano huleta mabadiliko upesi.

4. Mitambo tayari huifanya kazi ya kukagua viungo. Programu zake hupita kila njia. Zinajua kilichokatika kabla yetu. Kwa nini zikae kimya?

HOJA ZA WANAOPINGA

Upande wa pili nao una majibu, na ni vyema tuyapime moja moja.

1. Mara nyingi mwenye kosa si mwenye ukurasa. Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya wadi aliyeandika makala kuhusu ukulima wa mtama na kuweka kiungo cha ripoti ya wizara. Miaka mitatu baadaye wizara inafumua tovuti yake na ripoti inahama. Adhabu ikitolewa, atakayeadhibiwa ni mwalimu, ilhali aliyekata njia ni mwingine. Ni sawa na kumtoza faini mwenye duka kwa sababu daraja la barabara kuu limesombwa na maji.

2. Adhabu hufundisha tabia mbaya. Tufanye hesabu ndogo. Ukurasa A una viungo 40 vya vyanzo vyake, na 3 vimekatika. Ukurasa B hauna kiungo hata kimoja. Mwandishi wake amedai tu bila kuonyesha ushahidi. Sheria ya adhabu ikiwepo, A anashuka na B anapanda. Mwandishi mwerevu ataona njia rahisi ya kuepuka adhabu: aache kabisa kuweka viungo. Hapo tutakuwa na mtandao usio na viungo vilivyokatika, na usio na ushahidi pia.

3. Adhabu huwaacha wajanja. Zipo tovuti ambazo ukurasa unapokosekana, seva hutoa nambari 200, kana kwamba kila kitu ni sawa, huku msomaji akiona ukurasa mtupu au ukurasa wa mbele. Wataalamu huziita 404 bandia. Nyingine huelekeza kila anwani iliyokufa kwenye ukurasa wa mbele. Kwa mtambo unaotazama nambari peke yake, hakuna kilichokatika. Kwa msomaji aliyekuja kutafuta fomu, ni hasara ile ile, tena mbaya zaidi kwa sababu haambiwi ukweli. Ofisi inayojibu 404 kwa uaminifu ingeadhibiwa, na inayoficha ingesalimika.

4. Kumbukumbu za zamani zina thamani. Serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano ulihusu 2013 hadi 2017, wa pili 2018 hadi 2022, na wa tatu 2023 hadi 2027. Ukurasa ulioandikwa 2014 kuhusu mpango wa kwanza lazima utakuwa na viungo vilivyozeeka. Mwananchi anayetaka kulinganisha ahadi ya barabara ya mwaka 2014 na hali ya leo anauhitaji ukurasa huo. Ukisukumwa chini kwa sababu ya umri wa viungo vyake, historia ya uwajibikaji inafichwa.

5. Wadogo wangeumia zaidi. Kampuni kubwa ina watu wa kukagua tovuti kila wiki. Kikundi cha akina mama, shule ya msingi, zahanati au ofisi ya wadi haina. Adhabu isiyotazama uwezo huongeza pengo lililopo.

6. Kuna kiungo kibaya kuliko kilichokatika. Jina la tovuti likiisha muda, mtu anaweza kulinunua na kuweka humo michezo ya kamari au ulaghai. Kiungo kinafunguka vizuri, nambari ni 200, lakini kilichomo ni mtego. Mtambo unaohesabu viungo vilivyokatika peke yake hauoni kosa lolote hapo. Mwananchi anayeona 404 amepoteza muda. Anayeingia tovuti iliyotekwa anaweza kupoteza pesa na nambari yake ya siri.

MITAMBO INAFANYA NINI KWA SASA?

Tangu Google ianzishwe mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, viungo vimekuwa sehemu ya upimaji wake. Wazo lao la kwanza lilikuwa kwamba ukurasa unaoelekezewa viungo na kurasa nyingi, hasa zile zenye uzito, unastahili kupanda. Leo hiyo ni alama moja tu kati ya nyingi.

Kuhusu 404, Google imeeleza hadharani mara kwa mara kwamba kurasa kutoweka ni jambo la kawaida mtandaoni, na kwamba kuwepo kwa 404 katika tovuti hakuishushi tovuti nzima. Kinachotokea ni kwamba ukurasa uliokufa wenyewe huondolewa katika kumbukumbu za mtambo baada ya muda. Seva ikijibu 503, mtambo huelewa kwamba ni hitilafu ya muda na hurudi baadaye, ingawa hali hiyo ikiendelea sana ukurasa huweza kuondolewa pia. Zaidi ya hayo, Google huwapa wenye tovuti huduma ya bure ya Search Console, ambamo huorodhesha kurasa za tovuti yao ambazo programu zake zilishindwa kuzifikia.

Kwa upande wa majina ya tovuti yaliyoisha muda, Machi 2024 Google ilitangaza kanuni dhidi ya wanaoyanunua ili kupandisha kurasa zisizo na manufaa. Hapo adhabu ipo, lakini inaelekezwa kwa mdanganyifu, si kwa aliyesahau.

Kuna pia njia ya kuokoa badala ya kuadhibu. Mwaka 1996 Brewster Kahle alianzisha maktaba ya Internet Archive mjini San Francisco. Huduma yake ya Wayback Machine, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001, huhifadhi nakala za kurasa kama zilivyokuwa tarehe fulani. Septemba 2024 Google ilianza kuweka njia ya kufikia nakala hizo katika maelezo ya ziada yanayoambatana na matokeo ya utafutaji. Wikipedia nayo hutumia programu inayotafuta viungo vilivyokatika katika marejeo na kuviunganisha na nakala zilizohifadhiwa.

TUAMUE VIPI?

Ukizipima hoja hizi pamoja, unaona kwamba swali lenyewe linachanganya mambo mawili: kuadhibu, na kupima manufaa.

Kuadhibu ni kuhesabu makosa na kupunguza alama, bila kujali makosa hayo yana uzito gani kwa msomaji. Kupima manufaa ni kuuliza: je, ukurasa huu unamjibu aliyeuliza?

Tazama mifano miwili. Ukurasa wa kwanza ni makala ndefu kuhusu haki za mpangaji, yenye viungo 25. Kimoja, kilicho karibu na mwisho, kimekatika. Msomaji bado amejibiwa. Hakuna sababu ya kuushusha. Ukurasa wa pili una mistari miwili tu: "Fomu ya maombi ya basari. Bonyeza hapa." Kiungo hicho kimoja kimekatika. Ukurasa huo hauna kitu kingine cha kutoa. Anayetafuta fomu hajajibiwa hata kidogo, na kuuweka juu ya ukurasa mwingine wenye fomu inayofunguka ni kumpotezea muda mwananchi.

Wa pili ushuke, naam. Lakini ushuke kwa sababu haujibu swali, na urudi juu siku kiungo kitakaporekebishwa. Kuhesabu viungo vilivyokatika na kutoa adhabu ya jumla kungewaumiza wote wawili, na pengine kumuumiza zaidi wa kwanza kwa kuwa ana viungo vingi vya kukaguliwa.

Kwa hiyo somo hili linaegemea hapa: adhabu ya jumla haifai. Mitambo ipime kama kiungo kilichokatika ndicho kiini cha ukurasa. Itofautishe hitilafu ya siku moja na ya mwaka mzima. Iwatendee wakali wanaoteka majina ya tovuti na wanaotoa 404 bandia. Imwonyeshe msomaji nakala iliyohifadhiwa pale inapopatikana, na imweleze ni ya tarehe gani.

Hoja moja ya wanaotaka adhabu inabaki imesimama, nayo ni ile ya kwanza: kiungo ni ahadi. Tofauti yetu nao ni kuhusu nani wa kuisimamia. Kwa tovuti ya mtu binafsi, ahadi hiyo ni suala la uungwana. Kwa ofisi ya umma, ni suala la sheria, na hatupaswi kusubiri kampuni ya California itusimamie.

WAJIBU WA OFISI YA UMMA

Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 ilifafanua haki hiyo. Kifungu cha 5 cha sheria hiyo kinazitaka taasisi za umma kuchapisha habari muhimu bila kusubiri kuombwa, na zinapotia saini mikataba, kutangaza maelezo yake kwenye tovuti au njia nyingine inayofaa. Kifungu cha 17 kinazitaka zitunze kumbukumbu zake ipasavyo.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 nayo imeweka kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mkakati wa fedha huwasilishwa kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mpango wa mwaka na taarifa ya mkakati hutakiwa kuchapishwa na kutangazwa ndani ya siku saba baada ya kuwasilishwa.

Hati ambayo kiungo chake kimekatika haimfikii mwananchi anayeitegemea tovuti. Mwananchi aliyeitwa kutoa maoni kuhusu bajeti siku ya Alhamisi, akakosa kuifungua hati Jumatatu, Jumanne na Jumatano, ataketi kikaoni akisikiliza tu. Mfanyabiashara asiyeweza kufungua Sheria ya Fedha ya kaunti hana cha kumwonyesha anayemtoza ada isiyo halali. Hapo ndipo kiungo kinapogusa mfuko wa mtu.

Kwa maafisa wanaosimamia tovuti za umma, iwe ya idara, ya hospitali au ya shule, utaratibu mzuri ni huu:

Usibadilishe anwani ya hati iliyokwisha kutangazwa. Berners-Lee aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1998, akieleza kwamba anwani nzuri haibadiliki.
Tovuti ikijengwa upya, orodhesha anwani zote za zamani na uweke elekezo la 301 kwa kila moja.
Hati ikiondolewa kwa sababu halali, sema imeondolewa lini na kwa nini, na utumie nambari 410.
Usielekeze kila kitu kwenye ukurasa wa mbele.
Lipia jina la tovuti mapema, na usiliache liishe hata kama mradi umekwisha.
Kagua viungo angalau mara moja kila robo mwaka, ukianza na fomu na hati za bajeti.
Weka nambari ya simu na mahali pa ofisi kando ya kila fomu, ili anayeikosa mtandaoni ajue pa kwenda.

LA KUFANYA UKIKUTANA NA KIUNGO KILICHOKATIKA

Usikate tamaa upesi. Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

1. Jaribu tena baada ya saa moja au kesho yake. Huenda ni hitilafu ya muda.

2. Soma anwani kwa makini. Ofisi za serikali hutumia .go.ke. Kama umetua kwenye tovuti ya kamari au inayokuomba nambari ya siri ya M-Pesa, toka mara moja.

3. Tafuta jina la hati lenyewe kwenye Google badala ya kufuata kiungo. Huenda imehamia anwani mpya.

4. Nenda web.archive.org, bandika anwani iliyokatika, na uangalie kama kuna nakala iliyohifadhiwa. Kumbuka kutazama tarehe yake. Fomu ya mwaka jana huenda haikubaliki mwaka huu.

5. Ijulishe ofisi husika. Piga picha ya skrini, nakili anwani, andika tarehe na saa. Ripoti yenye maelezo haya hushughulikiwa haraka kuliko malalamiko ya "tovuti haifanyi kazi".

6. Ukiona bado, omba hati yenyewe kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika, au aliye na ulemavu unaomzuia, anaweza kueleza kwa mdomo na afisa akamwandikia. Ofisi inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 kama habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Gharama unayoweza kutozwa ni ile halisi ya kutoa nakala.

7. Ukinyimwa au ukipuuzwa, unaweza kuomba uamuzi huo uangaliwe upya na Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana pia kama Ofisi ya Ombudsman, ndani ya siku 30.

Na ukipata hati muhimu, kwa mfano bajeti ya wadi yenu au orodha ya waliopata basari, hifadhi nakala kwenye simu au uichapishe na kuiweka ofisi ya kikundi chenu. Nakala iliyo mkononi haihitaji kiungo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI AU BARAZA

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya 404, 410 na 503. Ni ipi inayomsaidia zaidi mwananchi anayetafuta fomu, na kwa nini?

2. Kikundi chenu kina ukurasa wenye viungo 10 vya taarifa za kilimo, na 2 vimekatika. Je, ni haki ukurasa huo ushushwe chini ya ule usiotaja chanzo chochote?

3. Toa mfano wa hati ya umma ambayo kukosekana kwake kwa siku tatu kunaweza kumletea mkaazi hasara. Ofisi ingefanya nini mapema kuzuia hasara hiyo?

4. Zoezi la vitendo: chagua ukurasa mmoja wa ofisi ya umma unaoutumia mara kwa mara. Bonyeza viungo vyake kumi vya kwanza. Andika vinavyofunguka, vilivyokatika, na vinavyokupeleka mahali tofauti na palipoahidiwa. Orodha hiyo iwasilishe kwa ofisi husika.